Je, Wajua? Ndege Ndogo Yaanguka, Watu Watoka Hai

Je, wajua kwamba kutoka Bagamoyo mjini hadi uwanja wa ndege wa Zanzibar ni kilomita 40 na ushee tu, ukipiga mstari mnyoofu juu ya bahari? Ndege ndogo aina ya Caravan huzimaliza kwa dakika 10 hivi. Simama ufukweni pale soko la samaki, inua macho, uziangalie mwenyewe.

Jirani hapo kaskazini ipo Saadani, hifadhi ya taifa ya Tanzania inayogusa ufukwe wa Bahari ya Hindi, nayo ina kiwanja chake cha ndege. Katika viwanja vya porini kama hicho, rubani mara nyingi hupita kwanza chinichini kufukuza wanyama, ndipo azunguke na kutua. Abiria mgeni hudhani mambo yameharibika, kumbe ndiyo kazi yenyewe!

Sasa lile swali la kimoyomoyo: injini ikizima katikati ya mkondo wa Zanzibar, inakuwaje? Sikia hili: ndege haidondoki kama embe. Cessna 172 iliyo kimo cha mita 1,000 huteleza hewani kilomita 9 hivi injini ikiwa kimya kabisa, na usukani bado uko mikononi mwa rubani.

Na hii je? Marekani ndiko kwenye ndege ndogo nyingi kuliko kokote duniani, na huko, katika kila ajali 5 za ndege ndogo, takriban 4 hazimuui mtu yeyote. Nne kati ya tano! Basi leo tunawazungumzia hao: waliopanda, wakaanguka, wakainuka, na yaliyowapata baadaye.

Kwanza, chungulia kitu kidogo kinachofanyika kabla ya safari. Petroli ya ndege nyingi ndogo hutiwa rangi ya buluu makusudi. Rubani hukinga kidogo chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki kinachopenyeza mwanga, akakiinua juani. Kama maji yameingia kwenye tangi, atayaona yamejitenga chini ya kikombe, hayana rangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Maji kidogo yakifika kwenye injini, injini inakata.

Je, wajua kwamba abiria asiyejua urubani amewahi kutua na Caravan? Ilikuwa tarehe 10 Mei 2022, safarini kuelekea Florida, rubani alipozidiwa ghafla. Mwongoza ndege Robert Morgan, ambaye pia ni mwalimu wa urubani, alichapisha picha ya dashibodi ya Caravan, akamwelekeza abiria yule kwa redio hatua kwa hatua mpaka magurudumu yakagusa lami ya Palm Beach. Na rubani? Alifanyiwa upasuaji akapona.

Hata mbunifu wa ndege mwenyewe alianguka. Tarehe 17 Septemba 1908 Orville Wright alikuwa akirusha ndege na abiria mmoja, Luteni Thomas Selfridge, ndege ikaja chini. Selfridge akawa mtu wa kwanza duniani kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alivunjika mguu na mbavu, akalala hospitali wiki kadhaa, na mwaka uliofuata alikuwa angani tena.

Sogea karibu, maana hii inayokuja ina urefu wake. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alipata ajali 2 za ndege ndani ya siku 2, zote Uganda, na zote akatoka hai!

Ya kwanza ilikuwa tarehe 23 Januari 1954. Alikuwa amemkodia mkewe Mary ndege ndogo, Cessna 180, iwe zawadi ya Krismasi, waitazame nchi kutoka juu. Karibu na maporomoko ya Murchison rubani Roy Marsh akawa anakwepa kundi la kwarara, akaparaza waya wa simu uliokuwa umeachwa siku nyingi. Wakaenda chini.

Usiku walilala porini kando ya Nile, tembo wakiwazunguka. Rubani wa ndege kubwa ya abiria iliyopita juu aliona mabaki, akaripoti kwamba hakuna dalili ya mtu aliye hai. Magazeti ya dunia nzima yakachapa tanzia.

Asubuhi ikatokea boti iitwayo Murchison, ikawachukua wote watatu. Unajua boti ile ilikuwa imefanya kazi gani miaka michache nyuma? Ilitumika wakati wa kupiga ile filamu ya 1951, The African Queen!

Wakafikishwa Butiaba, ukingoni mwa Ziwa Albert. Huko rubani mwingine akajitolea kuwapeleka Entebbe jioni hiyohiyo kwa ndege aina ya Dragon Rapide. Ikakimbia, ikarukaruka kwenye mashimo, ikaanguka, ikawaka moto palepale. Mary na Marsh walipenya dirishani. Hemingway alikuwa pande la mtu, dirisha likamkataa. Akabomoa mlango kwa kichwa na bega.

Kwa kichwa, msomaji! Baadaye madaktari walikuta fuvu lina ufa, ini, figo na wengu vimeumia, na pingili za uti wa mgongo zimepondeka. Na bado alipofika Nairobi aliketi kusoma tanzia zake mwenyewe, gazeti moja baada ya jingine.

Hayajaisha. Wiki chache baadaye alikuwa Shimoni, kwenye kambi ya uvuvi kusini mwa Mombasa, moto wa nyika ukazuka. Akaenda kusaidia kuuzima akiwa bado mgonjwa, akaangukia humohumo, akaungua miguu, tumbo, mkono na midomo. Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi! Hakwenda Stockholm kuipokea kwa sababu mwili haukuruhusu. Hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani nchini Sweden.

Sasa angalia uzi huu unavyokwenda. Riwaya iliyozaa The African Queen iliandikwa mwaka 1935 na Mwingereza C. S. Forester. Mwaka 1942, huko Washington, Forester huyohuyo alimwomba rubani mmoja kijana amsimulie jinsi ndege yake ilivyoanguka. Kijana akaona heri aandike mwenyewe. Jina lake Roald Dahl, na vita vilipoanza mwaka 1939 alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, hapahapa Dar es Salaam!

Dahl alitoka Dar akaenda Nairobi kujifunza urubani. Septemba 1940 akaanguka na ndege ya kivita jangwani Misri: fuvu likavunjika, pua ikabonyea, macho yakawa hayaoni kwa wiki kadhaa. Alipopona akarudi kurusha, akapigana angani juu ya Ugiriki mwaka 1941.

Kisa alichomwandikia Forester ndicho kilichomfungulia mlango wa uandishi. Mwenyewe aliamini kwamba pigo lile la kichwa ndilo lililomfanya mwandishi. Watoto wa dunia nzima wakampata mtunzi wa Charlie and the Chocolate Factory, kitabu cha mwaka 1964. Asili yake ajali ya ndege. Ajabu iliyoje!

Tukiwa bado pwani, je, wajua yaliyotokea Rufiji? Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya Waingereza ilikuwa ikizunguka juu ya delta, ikiwaelekeza wapiga mizinga mahali ilipojificha manowari ya Kijerumani Königsberg. Ndani walikuwamo wawili tu, rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Unadhani Arnold alifanya nini? Aliendelea kutuma maelekezo kwa redio huku wanashuka, na makombora yakaipata meli.

Wakatua mtoni, ndege ikabinuka miguu juu. Arnold alirushwa nje. Cull alisahau kufungua mkanda wake, akajikuta ndani ya maji kichwa chini, akihangaika na kifungo gizani. Alijinasua akiwa karibu kuzama, boti ikawafuata, na wote wawili wakavishwa nishani.

Kabla yao alikuwapo rubani raia, Dennis Cutler, aliyeitafuta meli ileile Novemba 1914. Rejeta ya ndege yake iliharibika, na ya akiba hakuna. Wakaenda Mombasa wakaleta rejeta ya gari aina ya Ford, wakaifunga, ndege ikaruka! Mwezi uliofuata injini ikamwacha juu ya delta, akashuka, Wajerumani wakamkamata, akakaa mfungwa karibu miaka mitatu.

Bagamoyo nayo ina anguko lake maarufu, ingawa halikuwa la ndege. Tarehe 4 Desemba 1889 mpelelezi wa Kijerumani Emin Pasha aliingia mjini na msafara wa mpelelezi mwenzake Stanley, salama salimini baada ya miezi ya safari kutoka bara. Usiku uleule, kwenye karamu ya kuwakaribisha, akatoka dirishani ghorofani akidhani ni roshani, kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu. Fuvu likapasuka. Watu walidhani amekwisha, lakini akapona, na Aprili 1890 akaanza safari nyingine ya bara akitokea Bagamoyo!

Turudi kwenye maji. Bahari ya huku kwetu huwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima. Kwenye bahari ya nyuzi 5, mikono ya mtu huishiwa nguvu ndani ya dakika 10 hivi, hata mwogeleaji hodari akashindwa kushika kamba anayotupiwa. Aliyeanguka kwenye mkondo wa Zanzibar akiwa na jaketi la kuokolea ana saa nyingi za kungoja mashua. Umeona tofauti?

Ila jaketi hilo lina sharti, na sharti hilo lilijulikana kwa uchungu katika visiwa vya Komoro. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa imetekwa na watu watatu, iliishiwa mafuta ikashuka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, mbele ya hoteli ya kitalii. Kati ya watu 175 walipona 50. Wengi miongoni mwa waliofariki walikuwa wamejaza upepo majaketi wakiwa bado ndani; maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kufuata mlango.

Shika hilo, ndugu yangu, hata ukisahau mengine yote ya leo. Jaketi huvaliwa ndani ya ndege, lakini hujazwa upepo ukishavuka mlango. Nje!

Kapteni wa ndege ile, Leul Abate, alinusurika. Na je, wajua kwamba hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kutekwa akiwa kazini? Mara tatu, mtu mmoja.

Miongoni mwa waliofariki alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha hapo kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ndizo zilizoiamsha dunia. Mwaka 1991 alikuwa amepoteza mkono katika mlipuko Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia.

Komoro hiyohiyo, tarehe 30 Juni 2009, usiku. Airbus ya Yemenia ikaanguka baharini na watu 153. Akapona mmoja tu: Bahia Bakari, binti wa miaka 12, ambaye kuogelea hakukujua vizuri. Aling'ang'ania kipande cha mabaki zaidi ya saa 9, mawimbi yakimrusha, mpaka mashua ikamwona.

Alimpoteza mama yake usiku ule. Mwaka 2010 akatoa kitabu, na mwaka 2022, akiwa mtu mzima, akasimama mahakamani Paris kutoa ushahidi. Mahakama ikalitia hatiani shirika la Yemenia na kulitoza faini ya euro 225,000.

Je, wajua kwamba maji ya bahari yaliwahi kumfundisha daktari? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa upasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aligundua kwamba marubani walioungua kisha wakaangukia baharini walikuwa wakipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwaogesha wagonjwa wake kwa maji ya chumvi, huko hospitalini East Grinstead, Uingereza.

Wagonjwa wenyewe wakaunda chama mwaka 1941, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. Viongozi waliwachagua kwa akili sana. Mweka hazina awe aliyeungua miguu, asiweze kutoroka na fedha. Katibu awe aliyeungua vidole, asiandike kumbukumbu ndefu! Watu waliopoteza nyuso zao, na bado wakaweza kucheka hivyo.

Yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu mno! McIndoe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Yeye na madaktari wenzake wawili, Michael Wood na Thomas Rees, wakawaza: kwa nini daktari asimfuate mgonjwa kwa ndege? Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wa kuruka, ile tunayoijua leo kwa jina la Amref. Ujuzi ulioanzia kwa marubani walioungua ukaja kutua vijijini Afrika Mashariki.

Ndege za huduma hiyo huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Je, wajua Wilson alikuwa nani? Mwanamke! Florence Wilson alianzisha shirika lake la ndege mwaka 1929, enzi ambazo wengi huku hawajaiona ndege hata kwa mbali.

Hebu tumtazame Richard Leakey, Mkenya aliyechimbua masalia ya binadamu wa kale na kupambana na majangili wa tembo. Juni 1993 alikuwa akirusha Cessna yeye mwenyewe, na abiria ndani, injini ikakosa nguvu, ikaanguka. Wote waliokuwamo walinusurika. Miguu yake yote miwili ikaja kukatwa chini ya goti.

Na mtu huyo tayari alikuwa akiishi kwa figo aliyopewa na mdogo wake Philip! Baada ya ajali unadhani alikaa nyumbani? Mwaka 1995 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Safina, baadaye akaingia bungeni, na mwaka 1999 akateuliwa Mkuu wa Utumishi wa Umma wa Kenya. Yote hayo akitembea kwa miguu ya bandia.

Tarehe 30 Aprili 2016 zilichomwa tani 105 za pembe za ndovu katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na Leakey alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shirika la wanyamapori. Alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 77. Hesabu mwenyewe: miaka 28 na zaidi baada ya anguko.

Sio wote waliopona, na hawa nao wana yao. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na nyumba Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, aliruka kutoka Voi na ndege yake ikaanguka papo hapo ikawaka. Alikufa yeye na Kamau, msaidizi wake. Rafiki yake Beryl Markham alikuwa amealikwa safari ileile. Mwalimu wake wa urubani ndiye aliyemsihi asiende.

Miaka 5 baadaye, Septemba 1936, Beryl akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake akitokea Uingereza kwenda magharibi. Saa zaidi ya 20 hewani, usiku, upepo ukiikabili ndege kwa mbele njia nzima! Barafu ikaziba matundu ya tangi, injini ikazima, akatumbukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Akatoka na jeraha la kichwa, akaishi miaka 50 mingine, hadi 1986.

Serengeti nako? Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya mpiga filamu za wanyamapori Michael Grzimek, iliyopakwa mistari ya pundamilia, iligongana na tai. Michael alikufa, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake Bernhard akaimalizia kazi yao, na filamu yao Serengeti Shall Not Die ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba naye alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa pale pale, wakapumzika pamoja.

Tai si mchezo. Mwaka 1973 tai mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Côte d'Ivoire, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Mlima Kilimanjaro ungefika nusu na kidogo tu ya kimo hicho: mlima wote ni mita 5,895!

Je, wajua kwamba rais mmoja wa Tanzania aliwahi kuanguka na helikopta kabla hajawa rais? Tarehe 13 Aprili 2014, wakati wa mafuriko makubwa, helikopta ya jeshi ilianguka katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Ndani walikuwamo Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal na Waziri wa Ujenzi John Magufuli, wakienda kukagua uharibifu. Wote walitoka hai. Novemba mwaka uliofuata Magufuli aliapishwa kuwa Rais!

Na tarehe 6 Novemba 2022, Bukoba. Ndege ya Precision Air iliyotoka Dar na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Waliofariki 19, waliopona 24. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Mmoja wao alikuwa kijana Majaliwa Jackson, jina moja na la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa! Aliifuata ndege kwa kasia mkononi, akashiriki kuwatoa abiria kwa mlango wa nyuma, mwenyewe akaumia akaishia hospitali. Akapewa shilingi milioni 1 na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Asubuhi mvuvi, wiki haijaisha ana ajira ya uokoaji.

Haya, ya karatasi nayo yana maajabu yake. Kwa kanuni za kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege haufanywi ili kumtafuta wa kulaumiwa. Lengo ni ajali kama ile isitokee tena. Taarifa ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Na kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unampa majeruhi au familia miaka 2 tu ya kufungua madai. Ikipita hiyo, haki imekwenda!

Kisanduku cheusi, kile kinachorekodi mwenendo wa ndege? Kina rangi ya chungwa, kionekane haraka kwenye mabaki. Aliyekibuni ni David Warren wa Australia, miaka ya 1950. Baba yake alikuwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka 1934, David akiwa bado mtoto.

Na bahari yetu huleta ushahidi kutoka mbali kushinda unavyodhani. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kilionekana kisiwani Pemba. Wachunguzi wakathibitisha miezi mitatu baadaye kwamba ni cha ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea na watu 239 mwaka 2014. Dunia inatafuta, Pemba inaokota!

Siku hizi ndege ndogo nyingi hubeba kifaa kinachopiga kelele kwa setilaiti pindi ndege inapogonga chini. Je, wajua waliookolewa wa kwanza kwa njia hiyo walikuwa akina nani? Watu watatu wa ndege ndogo iliyoanguka Kanada, Septemba 1982. Nao walikuwa hewani kutafuta ndege nyingine iliyopotea!

Tena setilaiti iliyosikia mlio wao ilikuwa ya Wasovieti, katikati ya Vita Baridi. Mfumo ulikuwa wa ushirika: Wasovieti, Wamarekani, Wakanada na Wafaransa. Tangu hapo umesaidia kuokoa zaidi ya watu 50,000.

Moja ya mwisho, na hii kaa chini kabisa. Tarehe 1 Mei 2023 Cessna 206 ilianguka katika msitu wa Amazon, Kolombia. Watu wazima watatu waliokuwamo walikufa, mama mmoja akiwa miongoni mwao. Watoto wake wanne wakabaki peke yao msituni: mkubwa miaka 13, mdogo miezi 11.

Walianza kwa kula nini? Unga wa mihogo uliokuwa ndani ya ndege! Ulipokwisha wakaokota matunda na mbegu walizofundishwa kwao kuzijua, na dada mkubwa akawajengea vibanda vya matawi. Askari na wenyeji wa misitu ile waliwatafuta pamoja, helikopta zikirusha sauti ya bibi yao kwa kipaza sauti, akiwaambia wakae mahali pamoja.

Wakapatikana siku ya 40, tarehe 9 Juni, wamekonda, wako hai wote wanne. Na yule mdogo wa miezi 11? Alitimiza mwaka mmoja humohumo msituni!